Nilimwambia Asishushe Vitre

Ninyi vijana munaobandika fumé pale Nyawera, hapa Bukavu, mumeniomba niandike vile kazi ilikuwa zamani. Mumesema niandike kwa Kiswahili yetu, na hapo mumenisaidia, ju Kifaransa yangu iliishia kwenye majina ya vifaa. Lakini niwaambie mapema: mukitafuta mutu anayeelewa kila kitu, mumekosea nyumba. Nimebandika karatasi nyeusi kwenye vitre, vioo vya magari, mpaka vidole vikaanza kutetemeka. Leo nimepumzika, ninakaa Muhumba kwa binti yangu, ninatazama magari yakipita na fumé zao, na bado ninajiuliza ni nini kweli nilikuwa ninauza.

Kwa sababu wateja walikuwa wananiambia vitu viwili tofauti. Kwa mudomo walisema, "Papa, tuwekee fumé, joto inatusumbua ndani." Joto gani, Mungu wangu? Bukavu hii? Muji ambao watu wanaenda misa ya kwanza na pullover, mvua inakukuta mulangoni, na usiku unajifunika blanketi mbili? Nilikuwa natazama mutu mwenye koti mpaka shingoni ananiambia kuhusu joto, na mi ninaitika, "Ndiyo papa, ni kweli, joto iko mingi." Kisha akishaingia kwenye gari yake mupya nyeusi, anapandisha vitre, anazunguka Nyawera mara tatu bila kununua kitu. Alitaka watu wasimuone, ao alitaka watu wamuone kwamba hawamuoni. Hiyo sijaielewa mpaka leo.

Mi nilijibu kila mutu jambo moja: fumé inaleta baridi. Kadiri iko nyeusi, njo baridi inazidi. Nilisema hivyo kwa sauti ya mwalimu, na nilikuwa ninaamini. Nani angenirudia kuniambia hapana? Ni sawa na kuuza mwavuli mahali mvua hainyeshi, hakuna atakayekuja kukuambia inavuja.

Kazi nilifundishwa na Tonton Zaka. Alikuwa mutu mufupi, mukali, mwenye kusema kidogo, na alijifunza Bujumbura, kwenye joto ya kweli. Alipopanda kuja huku kwetu alileta maneno ya kule na hakubadilisha hata moja. Alinifundisha kwamba adui ya fumé ni vumbi. Kabla ya kuanza, mwaga maji chini, kuzunguka gari yote, vumbi ilale. Vua pullover, ju nyuzi ya pullover ikiingia chini ya karatasi itakutazama miaka yote. Kata kucha. Tumia sabuni ya kuoshea mutoto, kidogo sana kwenye maji ya kupuliza, si sabuni ya nguo, ju ile ya nguo inaua colle, gundi ya karatasi. Karatasi inavuliwa ngozi yake ya nyuma na watu wawili, mumoja anavuta, mwengine anapuliza maji, hakuna kuongea. Kisha unachukua raclette, ile mpira ya kukwangulia maji, unasukuma maji kutoka katikati kwenda pembeni, polepole. Mwenye haraka anabaki na mapovu ndani, na mapovu hayatoki kwa maombi.

Vitre ya nyuma njo ilikuwa mitihani. Iko imepinda, na karatasi haitaki kupinda, inafanya mikunjo kama sketi ya shule. Unahitaji upepo ya moto kuilainisha. Leo muko na mashine yake. Sisi tulikuwa tunaazima sèche-cheveux ya saluni ya jirani yetu, maman mumoja mwenye roho muzuri, na wateja wake wanabaki wanangoja na vichwa vibichi, wanatutukana kupitia dirisha. Siku moja courant, umeme, ikakatika wakati karatasi iko nusu imelainika na maman mumoja kati ya wale wateja iko nusu amekauka. Tonton Zaka alikaa chini kwenye tairi akasema tungoje. Tulingoja mpaka saa ya kufunga. Yule maman alienda nyumbani na kitambaa kichwani, na gari ikaenda na mikunjo.

Kosa langu kubwa ya kwanza ilikuwa kwenye vitre ya nyuma vilevile. Mutu alileta gari aliyonunua mbali, nikaona kwenye ile vitre mistari myembamba, imepangwa, rangi ya chai. Nikasema hii ni colle ya zamani, wenyewe hawakusafisha. Nikachukua lame, wembe wa kazi, nikakwaruza mustari moja moja, kwa uangalifu sana, asubuhi nzima. Nilikuwa hata na furaha. Tonton Zaka alipofika akaangalia, akauliza, "Ile mistari iko wapi?" Nikamwambia, "Nimeitoa yote." Kumbe ile mistari njo inapita courant ya kukausha ukungu. Muji ya ukungu kama hii yetu, na mi nimemutolea mutu macho ya nyuma. Yule bwana aliniletea gari kila musimu wa mvua kunionyesha kwamba haoni kitu. Hakugombana. Alinifungulia mulango, nikaketi, tunatazama ukungu pamoja, kisha anaenda.

Sasa niwaambie kanuni moja, ju bila hiyo hamutaelewa kilichofuata. Fumé ikishabandikwa, colle haijakauka. Ukishusha vitre mapema, karatasi inashikwa na mpira wa mulango, inajikunja, kazi imekufa. Bujumbura, Tonton Zaka alikuwa anasema siku mbili. Alipofika Bukavu, na unyevu yetu, akasema wiki. Mi nikachukua wiki, nikaifanya sheria. Nilikuwa ninabandika kipande ya scotch, ile utepe wa kunata, juu ya bouton ya kushusha vitre, na ninamwambia mwenye gari: ukitoa hii mbele ya wiki kuisha, usirudi kwangu. Watu waliheshimu. Kwenye muji yenye baridi, kutembea na vitre imefungwa wiki nzima si mateso. Vumbi haiingii, mvua haiingii, unasikia muziki yako.

Kuna pia zile nyakati za weka na ondoa. Ninyi munazijua. Asubuhi inasemekana fumé imekatazwa, magari yanapanga mustari kwangu, ninang'oa. Wiki haijaisha inasemekana hapana, ilikuwa ni kwa magari fulani tu, wanarudi, ninabandika. Kuna gari moja niliing'oa na kuibandika mara mbili ndani ya mwezi, na mwenyewe na mi, hakuna aliyejua nani amesema nini. Nilimuuliza, "Kwani ulisikia wapi?" Akasema alisikia kwangu.

Bon. Nifike kwa Maman Nabintu, ju njo yeye na mudogo wake Déo waliofanya nikubali kuandika hii.

Maman Nabintu alikuwa anauza vifaranga. Alivipokea mupakani, vya siku moja, vimepangwa ndani ya carton zenye matundu, na siku ile ile vinatelemka Kamanyola kwa wafugaji wa ile bonde. Munajua ile barabara: unapita Nyangezi, unashuka Ngomo na kona zake, na kila kona unayoshuka hewa inabadilika, mpaka ukifika chini unahisi mutu amefungua mulango wa jiko. Miaka mingi alikuwa anaazima camionnette ya watu, turubai tu juu, upepo inapita kila upande, na vifaranga vinafika vinalia. Halafu akajinunulia gari yake, ndefu nyuma, akatoa viti vya nyuma apange carton. Tulikuwa tunasali parokia moja, na alikuwa ananiita papa ingawa hatupishani miaka mingi.

Shofere wake alikuwa Déo, mudogo wake wa tumbo moja. Mutu muzima, mwenye mke na watoto wawili, mupole, na mwenye kuuliza. Kila kitu anauliza. Nilipokuwa ninabandika, alisimama karibu na raclette yangu kuuliza kwa nini maji, kwa nini sabuni, kwa nini upande huu. Maman Nabintu aliniambia, "Papa, uniwekee ile nyeusi kabisa. Jua ya kule chini inaniulia vifaranga, kila safari ninapoteza kidogo." Nikamwambia, "Maman, nikikuwekea hii, kule nyuma itakuwa frigo." Nikaweka ile nyeusi kuliko zote, pande zote na nyuma. Nikaweka scotch kwenye bouton. Nikamwambia Déo wiki moja, asishushe.

Déo akauliza, "Hata kule chini, papa?"

"Hata kule chini. Kule chini zaidi. Ukifungua, njo joto inaingia."

Aliitika kwa kichwa, akapanda. Mi nikaosha raclette yangu.

Siku ya tatu akatelemka na carton zimejaa. Alipofika Kamanyola akafungua nyuma, na hakukuwa sauti. Walifungua carton moja, nyingine, nyingine. Vyote vilikuwa vimelala na midomo wazi. Wafugaji waliokuwa wanangoja walirudi kwao na vikapu vitupu. Ile ilikuwa mali ya Maman Nabintu na ya wamama wenzake wa kikundi, waliokuwa wameweka pamoja, na kila mumoja alitaka kujua vifaranga vyake vimeuliwa na nani.

Familia ikakaa. Kwetu hapa munajua vile inafanyika, salon imejaa, baba yao mukubwa iko kwenye kiti cha mikono, chupa za sucré, za soda, mezani na hakuna anayekunywa. Niliitwa. Nilivaa koti. Baba mukubwa alimuuliza Déo kama alisimama njiani. Déo alisema hakusimama, ila kwenye péage, pale tunalipia barabara, kama watu wote. Baba mukubwa akasema, "Sasa vifaranga vimekufa na nini? Mutu anayesimama kwenye bar, gari kwenye jua, njo vifaranga vinakufa hivyo." Déo akasema, "Nilifunga vitre, vile papa aliniambia." Wakanigeukia wote.

Baba mukubwa akasema, "Weye njo mutu wa kazi. Tuambie. Gari yenye fumé, vitre zimefungwa, inatembea, inaweza kuwa na joto ya kuua?"

Nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame. Nikasema, "Haiwezekani. Gari ikitembea, na ile fumé niliyoiweka, ndani ni frigo. Kama ilipata joto, basi ilisimama, na ilisimama sana."

Sikusema uongo. Muelewe vizuri hapo. Nilisema kile nilichokijua, kwa roho safi, na ndiyo maana mpaka leo sijui nijiite nani. Mwongo anajua mahali alipotoka kwenye njia. Mi nilikuwa natembea katikati.

Déo alinitazama. Nilingoja nione hasira, haikuwa hasira. Alikuwa kama mutu aliyeulizwa jina la mwalimu wake wa zamani, analitafuta. Akasema polepole, "Pengine pale kwenye péage nilikawia." Hilo neno "pengine" njo walilishika. Dada yake alimnyang'anya ufunguo. Haikupita mwezi, tukasikia Déo amekwenda Shabunda, kwenye dhahabu, kule mutu anafika kwa ndege ndogo ao kwa mapori. Mke wake alirudi kwa wazazi wake na watoto.

Na mi? Nililala vizuri. Ninawaambia ukweli, nililala. Nilimuonea huruma Déo vile unamuonea huruma mulevi.

Miaka ikapita kidogo. Akaja kijana mumoja Nyawera na karatasi ya aina nyingine, na boîte, sanduku ya mbao yenye taa kubwa nyekundu ndani, yenye kuchoma. Aliweka mbele ya taa kipande ya vitre yenye fumé nyeusi, akaniambia niweke mukono nyuma yake. Nikahisi joto. Si kama bila fumé, lakini joto iko, na vitre yenyewe ilianza kuchoma. Akatoa, akaweka kipande nyingine, nyeupe kama maji, unaona taa yote. Nikaweka mukono. Karibu hakuna kitu. Nikatoa mukono, nikaangalia nyuma ya boîte. Nikaweka tena. Nikamwambia, "Umezima." Akacheka, "Papa, taa si unaiona?" Taa niliiona. Macho yalisema moto, mukono ulisema baridi, na kwa ile nyeusi ilikuwa kinyume. Nilimkasirikia yule kijana sana. Nilimwambia anauza uchawi, nikaenda nyumbani. Ninamuomba radhi hapa, ju ninajua atasoma.

Usiku ule, na nyingi baada yake, nilijiambia kwamba taa si jua. Hiyo ilinitosha.

Halafu Maman Nabintu alikuwa anaozesha mutoto wa dada yake Kamanyola, akaniambia nipande naye. Gari ilikuwa ile ile, fumé yangu ile ile, haijang'oka hata pembe moja. Viti vya nyuma vilirudishwa. Niliketi kule nyuma na koti yangu, mahali carton zilikuwa zinapangwa. Mbele aliketi Maman Nabintu na shofere mupya. Tulipomaliza kona za Ngomo yule shofere akashusha vitre zote. Nikamwambia, "Pandisha, ndugu yangu. Fumé haifanyi kazi ukiifungulia. Unaingiza joto." Maman Nabintu akasema, "Sikiliza papa, yeye njo fundi." Akapandisha.

Kwanza nilikuwa ninaeleza. Ninapenda kueleza. Nilieleza namna jua inagonga karatasi na kurudi. Kisha nikahisi kola inanikaba. Nikafungua kifungo. Jasho ilianza kutoka mahali sikujua inatoka. Maman Nabintu alitoa kitambaa kichwani, akajipepea na kadi ya mwaliko. Akasema, "Papa, kwani kuko namna gani humu?" Nikamwambia, "Ngoja kidogo, itashuka." Niliweka mukono kwenye vitre ya pembeni yangu, kwa ndani, nione. Iliniunguza. Ile karatasi yangu nyeusi ilikuwa imekunywa jua yote ya ile bonde na ilikuwa inatutapikia ndani. Mbele, kwa pare-brise, kioo ya mbele ambayo hatubandiki ju shofere aone, jua iliingia bure. Na hewa haikuwa na mahali pa kutokea.

Nilisema ngoja kidogo mara ya pili. Nataka mujue hiyo. Mukono wangu umeungua, moyo unapiga mbio, ninaona nyota, na mudomo wangu ulisema ngoja kidogo.

Maman Nabintu hakungoja. Alishusha vitre yake mwenyewe. Upepo iliingia, ya moto, lakini upepo. Tulipumua wote watatu kama watu waliotoka majini. Tulipita mashamba ya kwanza ya mupunga. Ndipo Maman Nabintu akauliza, bila kugeuka, "Papa. Ile siku, Déo alifunga vitre?"

"Nilimwambia afunge."

"Kutoka Bukavu mpaka chini?"

"Wiki nzima, nilimwambia."

"Na carton zilipangwa mpaka juu." Alisema hivyo kama anajihesabia vidole. "Na vyenyewe vinapumua, vina joto yao." Halafu akaanza kulia, kimya, mabega tu yanatikisika, na shofere alipunguza mwendo bila kujua kwa nini. Haya ilinishika mpaka nilitamani gari ipinduke. Kwenye harusi waliniwekea sahani ya heshima, samaki muzima, na nikamsukumia jirani. Watu walifikiri ninaumwa.

Baadaye nilimfuata yule kijana wa taa aniambie. Alinieleza bila kunicheka. Kwamba mwanga na joto si kitu moja. Kwamba nyeusi inazuia macho, na inazuia jua kiasi, lakini yenyewe inapata moto na kuutoa, nusu nje, nusu ndani. Kwamba kuna karatasi nyeupe zinazojua kuchagua, joto inarudi, mwanga inapita. Kwamba hakuna karatasi hata moja ya dunia hii inayoleta baridi, inapunguza tu kile kinachoingia, na kilichoko ndani lazima kitafutiwe njia ya kutoka. Ninayarudia vile aliyasema. Mukiniuliza kama nimeyaelewa, ninasema nimeyashika kwa kichwa. Macho yangu bado yanaona nyeusi na kusema baridi.

Kwa hiyo, munapopokea gari, kabla ya kugusa raclette, muulize inaenda wapi. Mi sikuwahi kuuliza. Kama inabaki Muhumba na Nyawera, mubandike na scotch yenu, sawa. Kama inashuka bonde, mumwambie mwenyewe angoje wiki mbele ya kushuka, ao afungue na karatasi ikunjike, mutabandika tena. Karatasi inabandikwa tena. Na kama ndani kunapanda kitu kinachopumua, mutu ao kifaranga, semeni wazi kwamba fumé si clim, si mashine ya baridi. Mukiulizwa kitu hamujakipima, museme hamujakipima. Najua mutaona aibu mbele ya wateja. Ni aibu ya dakika mbili.

Maman Nabintu na mi tulikwenda kwa baba mukubwa. Nilisimama tena pale salon, nikasema vile nilisema mara ya kwanza na vile mukono wangu uliniambia. Baba mukubwa alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa ni lini ulikuwa mutu wa kazi, siku ile ao leo?" Aliagiza Déo atafutwe.

Kumtafuta mutu kwenye machimbo ya Shabunda si kazi ya siku moja. Réseau ya simu inashikika juu ya kilima fulani tu, na watu wanahama shimo kwa shimo. Tulirekodi sauti zetu, mi na dada yake, kwenye simu ya mutu aliyekuwa anapanda ndege. Nilimwambia Déo kwamba hakukosea kitu. Kwamba hakusimama, na hata kama angesimama haingebadilisha. Kwamba ni mi. Kwamba ufunguo ya gari iko mezani kwa dada yake, na mke wake ameambiwa. Dada yake hakuweza kusema mingi, alisema tu, "Mudogo wangu, rudi nyumbani."

Tulingoja sana. Nilianza kufikiri hakupata, ao alipata na ametukataa, na nilimuelewa. Kisha audio ikaingia kwenye simu ya binti yangu, nikiwa ninakula. Kulikuwa na upepo ndani yake, na watu wanapiga mawe kwa mbali. Sauti ya Déo ilikuwa ile ile, ya mupole, ya mwenye kuuliza. Ninaandika vile alisema.

"Papa, aksanti. Nimesikia sauti yako, nimesikia ya dada. Siko na hasira na mutu. Lakini niwaambie kitu. Ile siku ninyi bote mulisema nilisimama, na weye, mutu wa kazi, ukasema. Mi nikasema, kama bote banajua hivi, basi iko ukweli, ni mi njo nimesahabu. Nikaanza kutafuta kwenye kichwa nilisimama wapi. Nilitafuta kwenye njia ya kuja huku, nikatafuta ndani ya shimo. Siku moja nikapaona. Nyangezi, upande wa kuume, kuko paillote, kibanda ya majani ya kuuzia pombe. Nilishuka, nikakunywa moja, nikakunywa ya pili. Ninamuona ule mwanamuke aliyenipatia, jino yake moja ya mbele haiko. Nikaenda kwa padri, nikaungama yote, akanipa malipizi, nikayafanya. Nikaanza kulala tena. Na sasa muko munaniambia sikusimama. Papa, ule mwanamuke ninamuona mpaka leo, na chenji alinirudishia. Weye unajua mambo ya magari. Uniambie tu, nitakuamini. Nilisimama, ao sikusimama?"